Potasiamu 6.7 ya mwalimu wa Nyakach: seli zilivuja kwenye barafu, presha ikasahaulika

Potasiamu 6.7. Potasiamu ni madini ya kwenye damu yanayosaidia moyo kupiga, na hiyo ndiyo namba mwalimu mmoja wa miaka 42 alisomewa kwa simu Jumapili jioni, ametoka tu kula, hana maumivu yoyote, na aliyempigia akamwambia aende emajensi usiku huo huo juu moyo unaweza kusimama wakati wowote. Ukisikia kitu kama hicho huulizi maswali. Alipanda boda hadi barabarani, akangoja matatu, akafika Kisumu usiku akitetemeka njia yote, mke wake kando yake ameshika kadi ya kambi ya matibabu aliyoenda jana yake.

Kisa nakiandika kwa ruhusa yake, jina nimeacha na vituo nimeviacha pia. Mimi ni mtu wa lab hapa Kisumu, faili ilifika mezani kwangu baadaye wakati watu walitaka kujua nini kilienda mrama, na nikiisoma niliona makosa mawili. La kwanza kila mtu alilishtukia. La pili hakuna aliyeliona kwa wiki kadhaa, na hilo ndilo lingemmaliza pole pole.

Jumamosi ile kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure kwenye uwanja wa kanisa upande wa Nyakach. Watu walipanga laini mapema, presha, sukari, uzito, alafu waliopita miaka 40 wakatolewa damu ya kupima figo na mafuta. Mwalimu alienda kwa sababu mke wake alimsumbua aende, si kwa sababu anaumwa, hana kisukari, hanywi dawa yoyote, hata ya mitishamba nilimuuliza akasema hapana. Sista akampima presha, 152/96, akaiandika kwenye kadi, akamwambia "mwalimu, punguza mawazo" na kuita anayefuata. Hiyo kadi nimeiona kwa macho yangu, hakuna mahali imeandikwa arudi apimwe tena.

Damu yake ilitolewa kama saa tisa mchana, ikawekwa kwenye tyubu nyekundu, na tyubu ikaenda moja kwa moja kwenye boksi ya barafu. Pale kambini hakukuwa na sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha damu ili seli zitengane na maji yake. Wahusika walifanya hivyo kwa nia nzuri kabisa, wanajua Kisumu na vitongoji vyake jua ni kali, wanajua chanjo hubebwa kwa barafu, wakaona damu nayo ikikaa baridi itabaki freshi. Boksi ikafika mjini usiku lab imefungwa, tyubu zikawekwa kwa friji, na ni Jumapili karibu saa sita mchana ndio mtu alikuja akazizungusha na kuziweka kwenye mashine. Hesabu mwenyewe, hiyo ni kama saa 21 seli nyekundu zimekaa na maji yake ya damu kwenye baridi bila kutenganishwa.

Kule emajensi kulikuwa na daktari kijana ambaye kusema kweli ndiye aliyeokoa hali. Kwanza akampima umeme wa moyo, karatasi ikatoka safi, yale mawimbi marefu yenye ncha ambayo potasiamu ya juu huleta hayakuwepo. Karatasi safi peke yake haikuhakikishii kwamba potasiamu iko sawa, kuna watu wana potasiamu ya juu kweli na karatasi inaonekana kawaida, kwa hivyo hakuishia hapo. Akamtazama mgonjwa, anaongea vizuri, misuli ina nguvu, mkojo anapata kawaida. Ndio akauliza swali moja tu, "Hii damu ilitolewa saa ngapi, na ilizungushwa saa ngapi?" Mwalimu hakujua ya pili, lakini mke wake alikumbuka boksi ya barafu. Daktari akatoa damu nyingine, bila kufunga mkono kwa nguvu na bila kumwambia akunje ngumi akunje ngumi, akaipeleka lab yeye mwenyewe, na ndani ya nusu saa jibu likatoka: 4.2. Kawaida kabisa, maana kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0, milimoli (kipimo cha kiasi) kwa kila lita.

Fikiria angeanza dripu ya insulini na glukosi kabla ya kuuliza. Insulini husukuma potasiamu iingie ndani ya seli, ni dawa nzuri kwa mtu anayeihitaji, lakini kwa mtu mwenye 4.2 unaishusha hadi mahali ambapo moyo wake unaanza kuruka mapigo, na juu ya hayo sukari inaweza kuporomoka. Yaani mtu mzima mwenye afya angeingia hospitali kwa miguu yake na kuugulia pale pale.

Sasa nini kilitokea ndani ya ile tyubu?

Seli nyekundu ya damu ndani yake ina potasiamu nyingi sana, karibu milimoli 100 kwa kila lita ya seli, wakati maji ya damu yanayoizunguka yana kama 4 tu. Sodiamu ni kinyume, nje iko kama 140, ndani iko chini ya 10 au hapo hapo. Tofauti kubwa namna hiyo haikai yenyewe. Utando wa seli unavuja kila saa, potasiamu inatoka na sodiamu inaingia, kidogo kidogo, na kuna pampu kwenye utando ambayo kazi yake usiku na mchana ni kurudisha: inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani kila mzunguko, ikitumia nguvu inayotokana na glukosi. Ni kama mtumbwi wa zamani pale ufuoni Dunga, maji yanaingia kwenye nyufa muda wote lakini kuna mtu ameshika kopo anakumba, na bora anaendelea kukumba mtumbwi unaelea. Pampu hiyo iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa wa baharini, na ilichukua hadi 1997 kupewa Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Na ile sumu ya mishale ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki walichemsha kutoka kwa mti wa Acokanthera, kazi yake ni hiyo hiyo, inaisimamisha pampu, ndio maana mnyama mkubwa alianguka kwa mshale mdogo.

Baridi pia inaisimamisha. Kwenye nyuzi 4 pampu inakuwa karibu imelala kabisa, lakini kuvuja hakulali, kunaendelea. Potasiamu inatoka na hakuna wa kuirudisha.

Na si lazima itoke nyingi. Nilimfanyia mwalimu hesabu kwenye karatasi, nikaona inamtuliza kuliko maneno. Chukua lita moja ya damu yenye seli asilimia 45. Kwenye seli kuna potasiamu kama milimoli 45, kwenye yale maji yaliyobaki kuna kama 2.3. Ili maji yatoke 4.2 hadi 6.7 unahitaji kuongeza milimoli 1.4 tu hivi, yaani kama asilimia 3 ya ile iliyokuwa ndani ya seli. Asilimia 3 ikitoka, ripoti inasoma kifo. Akaniuliza, "Kwa hivyo seli zangu haziumwi?" Nikamwambia mwalimu, seli zako zilifanya kile seli ya mtu yeyote ingefanya ikilala kwenye barafu.

Lakini hapa ndipo watu wa lab tunapaswa kuwa makini, kwa sababu potasiamu feki ina njia nyingi na kila moja ina alama yake. Ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni seli kupasuka, labda sindano ilikuwa nyembamba au tyubu ilitikiswa barabarani, na hapo maji ya damu hugeuka pinki au mekundu na mashine hukupigia kelele. Ya mwalimu yalikuwa ya manjano safi. Hiyo ndiyo ilimdanganya aliyesoma ripoti, aliona hakuna wekundu akaamua namba ni ya kweli, bila kujua kwamba kwenye baridi potasiamu inatoka na seli yenyewe inabaki nzima, hemoglobini haitoki, rangi haibadiliki. Ya pili ni mtu kumimina damu kutoka tyubu ya zambarau kwenda nyekundu, ile zambarau ina dawa ya kuzuia kuganda iliyojaa potasiamu, na inanyakua kalsiamu, kwa hivyo utaona potasiamu juu na kalsiamu imeanguka vibaya. Kalsiamu ya mwalimu ilikuwa 2.35, sawa. Ya tatu ni kufunga mkono muda mrefu na kukunja ngumi, hiyo huongeza kiasi lakini si kutoka 4.2 hadi 6.7. Ya nne ni chembe sahani, zile za kugandisha damu, kuwa nyingi kupita kiasi, maana nazo zikiganda hutoa potasiamu, zake zilikuwa za kawaida. Kreatinini, uchafu ambao figo huchuja kutoka kwa damu, ilikuwa 84, figo ziko sawa.

Kitu kilichofunga kesi kwangu hakikuwa kwenye faili lake hata. Niliomba majibu ya watu wote wa kambi ile. Karibu kila mtu alikuwa na potasiamu juu ya 5.5! Kijiji kizima hakiwezi kuamka na figo mbaya Jumapili moja. Mtu akiangalia ripoti moja moja anaona mgonjwa, akiziweka pamoja anaona boksi ya barafu. Na hii natamani kila lab inayopokea sampuli za kambi iifanye kabla ya kupiga simu ya kwanza, weka majibu yote kwenye ukurasa mmoja uyaangalie.

Joto nalo lina ujanja wake, na kwa sisi wa huku ni muhimu kuliko baridi. Damu ikiachwa kwenye gari mchana nyuzi 30 na kitu, pampu inachangamka, inafanya kazi zaidi, na kwa saa za kwanza potasiamu ya nje inashuka. Baadaye glukosi inaisha kwenye tyubu, pampu inakosa nguvu, potasiamu inaanza kupanda. Maana yake mtu ambaye potasiamu yake iko juu kweli anaweza kupimwa akaonekana yuko sawa kwa sababu sampuli ilikaa juani masaa kadhaa. Hakuna friji wala jua litakalokusaidia, dawa ni kuzungusha na kutenganisha mapema pale pale, na kama hakuna stima kuna sentrifuji ndogo za betri.

Kuna pia familia chache duniani ambazo seli zao huvuja potasiamu haraka zaidi zikipoa, ni kitu cha kurithi, na jeni moja inayohusika inaitwa ABCB6. Watu hao ni wazima, shida yao ni ripoti tu. Ningemfikiria mwalimu hivyo kama yeye pekee ndiye angekuwa juu siku ile.

Sasa tuje kwa kosa la pili, na hili ndilo limenifanya niandike.

Mwalimu aliruhusiwa kwenda nyumbani usiku ule ule, wote wakashukuru Mungu. Lakini yule aliyempigia simu Jumapili alikuwa amemwambia aache ndizi, maharagwe, sukuma, osuga (mnavu), viazi, machungwa na parachichi. Na hakuna mtu aliyekumbuka kumfutia hayo maagizo. Daktari alidhani ameelewa, kwa kuwa jibu ni 4.2. Mwalimu naye akafikiria 4.2 ni ya leo, nikirudia zile mboga itapanda tena. Mke wake alikuwa anapika osuga na dek na maziwa karibu kila jioni, akaacha. Badala yake ikawa ni mkate mweupe na chai asubuhi, smoki (soseji) na mayai pale shuleni saa nne, jioni ugali na mchuzi mwepesi wenye viungo vya pakiti na chumvi ya juu ya meza, kwa sababu chakula kimekosa ladha na chumvi hakuna aliyemkataza. Aliporudi baada ya wiki kadhaa presha ilikuwa 158/98, akarudia siku nyingine 156/96.

Yaani mtu mwenye presha na figo nzima, anayehitaji potasiamu zaidi na sodiamu kidogo, alipewa kinyume chake kwa sababu ya boksi ya barafu. Hili linaniuma hadi leo.

Shirika la afya duniani, WHO, tangu 2012 linasema mtu mzima ale sodiamu chini ya gramu 2 kwa siku, hiyo ni chumvi gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai ukihesabu na ile iliyojificha kwenye mkate na smoki. Potasiamu angalau gramu 3.5. Ukigeuza kuwa milimoli unapata kama 87 za sodiamu na 90 za potasiamu, karibu sawa kwa sawa. Tulipima mkojo wa mwalimu, sodiamu ilikuwa karibu mara 5 ya potasiamu. Mkojo wa mara moja ni kipimo cha juu juu, sitaki mtu aweke maisha yake juu yake, lakini mara 5 haihitaji darubini kuiona. Na ile ndizi aliyoiogopa ina kama miligramu 400 za potasiamu. Figo nzima inaimaliza bila hata kujua imepita.

Alafu mwalimu akaniuliza swali ambalo nililipenda sana, na lilinifanya nirudi kusoma. "Hizi seli nyekundu, kwa sababu zinapitisha sodiamu na potasiamu, si zinaweza kupimwa zionyeshe kama moyo wangu uko hatarini hata kabla sijaugua?"

Wazo lake watu wamelifuata miaka mingi. Mwaka 1980 mtafiti Mitzy Canessa na wenzake kule Harvard, Boston, walichukua seli nyekundu za watu wenye presha, wakazijaza lithiamu, madini yanayofanana na sodiamu, wakaangalia inatoka kwa kasi gani ikibadilishana na sodiamu ya nje. Lithiamu hapo ni alama tu ya kufuatilia mlango wa seli unaopitisha sodiamu, haihusu presha yenyewe, na mlango huo si ile pampu ya Skou, hautumii nguvu ya seli na sumu ya mishale haiusimamishi. Kwa wenye presha kasi ilikuwa karibu mara mbili ya wasio nayo, na kilichoshtua zaidi ni kwamba hata jamaa wa karibu wa wagonjwa, wenye presha ya kawaida bado, wengi wao walikuwa na kasi ya juu. Unaelewa kwa nini watu walisisimka, ilionekana kama unaweza kuona presha ya kesho kwenye damu ya leo.

Baada ya hapo wakatoka hospitali wakaenda kwa watu wa kawaida, wazima, kule Gubbio nchini Italia, kule Rochester jimbo la Minnesota, na kwa familia kubwa za Utah. Picha iliyotoka ni kwamba kasi hiyo kwa sehemu kubwa inarithiwa, na kwa watu wazima wasio na ugonjwa inaenda pamoja na vitu vingine vya hatari, uzito, mafuta ya trigliseridi, insulini kukosa kufanya kazi vizuri. Ukiisoma hivyo unaona mlango wa seli nyekundu ulikuwa unaelezea mwili mzima, tumbo, ini, mafuta ya damu, si sodiamu peke yake.

Lakini haikuingia kliniki, na nilimwambia mwalimu wazi kwamba sitampima hata nikipewa mashine. Sababu ya kwanza ni kwamba namba za wenye presha na wasio nayo zinapishana sana, ukichukua mtu mmoja huwezi kumwambia yuko upande gani. Sababu ya pili inatugusa sisi moja kwa moja: watu weusi kwa wastani wana kasi ya chini ya mlango huo, na sodiamu ya ndani ya seli iko juu kidogo, ingawa huko Marekani watu weusi ndio wanaobeba presha nyingi zaidi. Kipimo kilichojengwa kwa damu ya Boston au Gubbio kingemwambia mwalimu wa Nyakach yuko salama wakati presha yake ni 158. Sababu ya tatu ni rahisi kabisa, mkanda wa presha unapatikana kila zahanati na unakuambia hatari yenyewe, huhitaji kuipitia kwa lithiamu.

Na ushahidi ulio karibu na nyumbani tunao, tena mzuri, ni aibu venye haujulikani huku. Miaka ya 80 mtafiti Neil Poulter na timu ya Wakenya na Waingereza waliwafuata vijana Wajaluo waliotoka vijiji vya magharibi mwa Kenya, ambako presha ilikuwa ya chini, wakahamia Nairobi. Waliwapima mara tu baada ya kuhama na kuendelea kuwapima hadi miaka 2, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ripoti ilitoka kwenye jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1990. Presha ilianza kupanda mapema sana baada ya kuhama, ndani ya miezi ya kwanza, na kwenye mkojo uwiano wa sodiamu kwa potasiamu ulikuwa juu kuliko wa waliobaki. Uzito na mapigo ya moyo pia vilipanda. Hao walikuwa vijana wazima, damu ile ile, mama wale wale, kilichobadilika ni sahani na maisha. Na kwenye utafiti mkubwa wa chumvi na presha wa INTERSALT wa 1988, uliokuwa na vituo 52 katika nchi 32, Kenya ilikuwa kati ya vituo 4 vilivyokuwa na chumvi kidogo zaidi na presha ya chini zaidi. Hao walikuwa sisi! Kufika 2015 uchunguzi wa kitaifa ukaonyesha karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi hata kupimwa.

Mwalimu si mhamiaji wa Nairobi, anaishi pale pale alipozaliwa. Lakini smoki imehamia kwake, mkate umehamia, viungo vya pakiti vimehamia.

Kwa hivyo tulifanya nini? Daktari alithibitisha presha kwa kupima siku tofauti, akamwanzishia dawa ya presha, amlodipine miligramu 5, na mwalimu akakubali bila kubishana sana, ingawa aliuliza kama ataimeza maisha yote. Kwa chakula tulikaa na mke wake pia, kwa sababu ukimwambia mwanaume peke yake habari ya mboga umeongea na ukuta. Osuga, dek, apoth na boo zimerudi, maharagwe yamerudi, ndizi imerudi, chumvi ya mezani imeondolewa kabisa na viungo vya pakiti ni vya wageni. Mke wake ana asili ya Uluhyani akauliza kuhusu musherekha, ile chumvi ya majivu ya kulainishia mboga ya mrenda, na hapo kuna jambo la maana: majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi, lakini siku hizi wengi wameacha kuyachuja wanatumia magadi, na magadi ni sodiamu. Mtu anapika mrenda anajua anakula kienyeji kumbe ameweka sodiamu kwa mlango wa nyuma. Tukakubaliana magadi iachwe, mrenda uive pole pole.

Kuna pia chumvi iliyochanganywa na potasiamu. Kule China vijijini, vijiji 600 na watu karibu 21,000 waliokuwa na historia ya kiharusi au wazee wenye presha, waligawiwa chumvi yenye robo potasiamu au wakaendelea na ya kawaida, na matokeo ya 2021 yalionyesha kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Hiyo ni kubwa kwa kitu unachonyunyiza tu. Mwalimu angeweza kuitumia kwa sababu figo zake ziko sawa. Si kila mtu anaweza, na nitafika hapo.

Alipokuja baada ya miezi michache presha ilikuwa 132/84, potasiamu 4.4, iliyozungushwa ndani ya nusu saa. Anakula ndizi.

Wale wengine wa kambi tuliwaita mmoja mmoja tuwapime upya, kwa sababu huwezi kuchukua ripoti zote ukazitupa na kusema ni barafu. Wengi walirudi kawaida. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa miaka 67, ana kisukari cha miaka mingi, na anatumia enalapril ya presha, dawa nzuri ila inazuia figo kutoa potasiamu. Hakutaka kuja. Jirani alikuwa ameshamwambia, "Mama, hiyo ilikuwa uongo wa friji, hata mwalimu aliambiwa." Mtoto wake wa kiume ndiye alimleta kwa nguvu ya mapenzi. Damu yake freshi, imetenganishwa mara moja, ilisoma 6.1, kreatinini iko juu sana, na karatasi ya moyo ilikuwa na yale mawimbi yenye ncha. Ya kwake ilikuwa kweli, ilijificha katikati ya zile feki.

Alilazwa siku hiyo hiyo, enalapril ikasimamishwa, sasa anaonekana kliniki ya figo, na chakula chake kimepangwa tofauti na cha mwalimu kabisa. Ile chumvi ya potasiamu iliyosaidia China haifai jikoni mwake, na mwanawe ameandikiwa kwenye karatasi asije akamnunulia akidhani anamsaidia. Lab iliyopokea sampuli sasa haipokei tyubu ya potasiamu ambayo haijazungushwa, na waandaaji wa kambi wamepata sentrifuji ya betri. Kwenye orodha wamebaki wawili ambao hatujawapata, simu zao hazishiki, mmoja ana kisukari. Mhudumu wa afya wa kijiji amepewa majina yao na atapita kwao wiki hii.